Moyo wa Mama na Kipande cha Chaki

Areosa, Viana do Castelo
2 Julai

Dada yangu Graciete,

Pokea salamu zangu na za Mama. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo huko Lyon, na kwamba mgongo wako umepata nafuu baada ya ngazi zote hizo unazosafisha. Sisi tupo, ila tumechoka. Mikono ya Mama inatetemeka. Namvisha, nammenyea viazi, na mara nyingi nasinzia kabla supu yangu haijapoa.

Jirani yetu Bi Zulmira anauliza kama Agosti hii utaandamana kwenye sikukuu. Anasema mtu aliyekaa Ufaransa miaka kumi na miwili lazima ajaze dhahabu kifuani mpaka atembee kama ng'ombe wa kukokota mkokoteni. Mama alicheka, kisha akabadilisha mazungumzo.

Unakumbuka anavyoulinda ule moyo wa nyuzi za dhahabu, kidani alichokuachia Bibi. Kila baada ya sikukuu anaufuta kwa kitambaa laini, anaufunga kwa flana, anauweka kwenye kopo pamoja na kipande cha chaki kinywe unyevu. Marashi hayausogelei. Bi Zulmira humchokoza kwamba wake anausugua kwa sabuni kama sahani, na kwamba dhahabu inayoogopa jasho ni dhahabu gani hiyo. Mama humjibu kwamba kila mtu hulea mwanawe ajuavyo. Tulikuwa tukicheka. Lakini tulipokuwa wadogo naye alitumia sabuni, dada. Chaki ilianza mwaka nilipokwenda chuo kikuu Coimbra, nami niliyesomea kemia sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Jumapili nilitaka ukifika uukute unang'aa. Nikachukua magadi na mswaki, nikasugua. Umanjano ukatoka kwenye ncha, weupe ukachungulia. Mama alikuwa mlangoni. Akasema kwa sauti ndogo kwamba nimemvua nguo mbele za watu.

Kisha akanieleza yote. Moyo wa Bibi aliuuza Septemba ile ili nisome. Sonara mmoja wa Gondomar akamfumia huu wa fedha, akauvika dhahabu juu. Dhahabu tupu haihitaji chaki. Fedha ndiyo huingia weusi. Akaniomba niurudishe kwa sonara uvikwe upya, nawe usijue kamwe.

Nilikwenda, Graciete. Nilifika mpaka mlangoni kwa sonara, nikageuka. Wewe uliacha shule ukiwa na miaka kumi na sita, na kitu kimoja ulichoahidiwa, moyo wa Bibi, ndicho kilichogeuzwa kuwa kile cheti changu kilichotundikwa sebuleni. Sikuweza kukuibia mara ya pili.

Uamuzi ni wako. Ukiuvaa, jipake marashi kwanza, yakauke, ndipo uuvae; ukiuvua, ufute jasho. Usipoutaka, nigombeze mimi, Mama mwache.

Wabusu watoto. Moyo umo kwenye kopo lake, na chaki nimeibadilisha leo asubuhi.

Mdogo wako,
Aldina