Wino wa Hailaiti Kwenye Kichupa Changu

Alhamisi. Kilosa, joto limebana, mawingu yamekaa tu juu ya milima.

Mpaka leo sikuwa nimemwambia mtu jambo hili. Ile rangi ya kijani iliyong'aa Jumatatu, wageni wakapiga makofi, ilikuwa wino wa kalamu ya hailaiti.

Nina hasira mpaka herufi zinanipotea.

Boksi langu la jaribio la baiolojia nimehangaika nalo tangu nilipoingia kidato cha tano. Ni hotpoti kuukuu la mama, vichupa vya dawa vilivyochemshwa, na tochi ya mwanga wa bluu ambayo baba mdogo, wakala wa pesa pale stendi, huitumia kukagulia noti bandia. Dada mmoja wa chuo kule Morogoro alinipa vikaratasi vilivyokaushwa. Ndani yake kuna vitendea kazi vya bakteria, bila bakteria mwenyewe, na kipande cha DNA kilichoandikwa na watu, kinachoagiza itengenezwe protini ya kijani. Unatia kikaratasi kwenye kichupa, unadondoshea maji, unakifunga kwenye hotpoti lenye maji ya vuguvugu, unasubiri saa mbili nzima. Ukimulika tochi, kinang'aa.

Hakihitaji umeme. Mwanafunzi wa shule yoyote anaweza kuona kwamba uhai unasoma maandishi, kama mimi ninavyosoma.

Jumatatu, wageni walipokuja kukagua shule yetu, mwalimu wangu wa baiolojia aliniita pembeni.

"Wageni wana dakika kumi hapa, mama. Halafu wanakwenda kukagua vyoo."

"Mwalimu, inataka saa mbili."

"Wewe nawe! Mgeni akae saa mbili anatazama maji? Kamulia hailaiti kidogo, waone kijani, waondoke. Ya kweli mtafanya wenyewe."

Ndivyo tulivyo. Wageni wakija, maabara inafunguliwa na darubini zinafutwa vumbi. Wakiondoka, kufuli. Kidato cha pili wanaijua darubini kwa kuichora tu.

Lakini mkono uliokamua ule wino ni wangu. Hailaiti yenyewe ndiyo ninayopigia mistari vitabu vyangu. Ningeweza kukataa. Nikatii, kama kawaida yangu.

Miongoni mwa wageni alikuwepo Madam mmoja anayefundisha baiolojia Mikumi. Alifurahi sana, akaomba vikaratasi sita ili akajaribu na darasa lake. Nikampa. Hata hapo sikusema kitu.

Leo mwalimu amenisimulia huku akicheka. Jana Madam alifanya jaribio mbele ya kidato cha tatu. Wakasubiri dakika kumi. Wakaongeza tano. Vichupa vikabaki maji tu, akavimwaga kwenye sinki. Kisha akawaambia wanafunzi wamekosea vipimo.

Hawakukosea.

Sasa kuna watoto Mikumi wameandika kwenye daftari kwamba wameshindwa, na labda yupo mmoja kama mimi, asiyenyoosha mkono, ambaye jana usiku aliamini sayansi si yake. Mwalimu anacheka! Nami nimesimama mbele yake nimeshika madaftari, natabasamu kama mjinga.

Nilipofika nyumbani nilichukua simu ya mama, hii hii ninayoandikia, nikampigia Madam. Shikamoo. Marahaba. Nikasema yote bila kupumzika: hailaiti, dakika kumi, saa mbili, wanafunzi wako walipima sawasawa.

Madam akauliza:

"Mwalimu wako anajua unanipigia?"

"Hajui, Madam. Kesho nitamwambia."

"Vikaratasi vimebaki kwako?"

"Vinne."

"Jumamosi wana masomo ya ziada. Uje asubuhi, uwaambie mwenyewe."

Mimi, mbele ya darasa zima. Nikasema nitakuja.

Halafu nikatafuta kalamu ya wino usiofutika. Kwenye kifuniko cha hotpoti nimeandika kwa herufi kubwa: SAA MBILI. Nikatazama, nikaona haijatosha, nikaongeza chini yake: HATA KWA WAGENI.