Matumbawe Ndani ya Tanuri Langu

Bagamoyo,
2 Mei 1952

Mpendwa Kaka Mwinyimvua,

Shikamoo. Niwie radhi, miezi miwili sijakuandikia. Hija anaota meno, hataki kushuka mgongoni, na mpaka leo ndipo nimepata mkono wa kushika kalamu. Hujambo wewe? Kifua kimepoa? Wifi Mwanvita na watoto hawajambo? Sisi wazima, alhamdulillahi, ila moyo wangu umechafuka na sitakuficha.

Yale mabamba sita ya udongo usiopasuka kwa moto, uliyoniletea kutoka huko Tanga, yalifika salama. Uliniagiza kazi ya kuyakata na kuyapanga ndani ya tanuri langu la mkate nimpe Ami Bwanausi, kwa kuwa ni mdogo wake baba na ni fundi. Nikatii.

Kaka, Ami ni fundi wa nyumba za mawe! Aliyapiga nyundo kama anachonga jiwe la ukuta, matatu yakavunjika vipande vipande. Hakuniambia. Alingoja niende kisimani, akaziba nyuma ya tanuri kwa matumbawe, akapaka udongo juu, akanywa chai yangu, akaenda zake. Matumbawe! Nani hapa kwetu hajui kwamba ukiyachoma yanakuwa chokaa? Yeye mwenyewe amechoma chokaa ya nusu ya mji huu.

Siku ya tatu mkate ulitoka na vumbi jeupe, nikadhani ni unga. Bi Mwaija, mteja wangu wa tangu mwanzo, akarudi ameshika shavu, ulimi umeungua: "Mardhiya, chokaa ya kutafunia umenipa, tambuu yake iko wapi?" Watu wakacheka. Mimi nililia. Kesho yake nilipopitisha tambara la maji kufuta majivu, ukuta wa nyuma ukatoa mvuke, ukavimba, ukamwagika wote.

Nikamwendea Ami na mtoto mgongoni. Akanijibu mbele ya wanaume barazani: "Moto wa wanawake hauna kiasi. Nitakuja nikutengenezee, mwanangu, kwa mawe mazito zaidi." Mazito zaidi! Nikamwambia, "Hapana, Ami. Shikamoo," nikageuka.

Mabamba matatu yaliyobaki nimeyakata mwenyewe. Niliyalowesha, nikachora mstari kwa msumeno mkuukuu wa Baba Hija, nikagonga polepole kwa tindo la kuazima, nikisimama kila Hija alipotaka kunyonya. Yamekaa chini sawasawa, hata unywele haupiti.

Lakini nyuma ni wazi, na Ramadhani imebaki wiki tatu. Mkate huu ndio unaotulisha tangu Baba Hija aumie mguu. Wateja wa futari wakishazoea kwingine, hawarudi.

Basi nisalimie Wifi, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Bi Mwaija naye anakusalimu, ulimi umepona.

Ninavyohitaji ni hivi. Mabamba matatu: uzi niliokunja humu ndio urefu wake, mpaka kwenye fundo ndio upana, unene vidole vitatu. Udongo wake wa kuungia, debe moja. Tindo bapa, liwe langu. Na barua kwa Ami, kwa mkono wako, kwamba tanuri ni la Mardhiya na hakuna atakayetia mkono humo bila yeye kumwita. Hiyo itangulie, kaka. Mabamba yafuate.

Mungu akulinde na akupe pumzi njema.

Mdogo wako, akupendaye hata akiwa na hasira,
Mardhiya