Shikamoo Iliyobaki Mlangoni

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Mwanakheri,

Najua ushaigeuza karatasi ukatazama nyuma, ukasema, "Huyu mtoto adabu zimemtoka, barua haina hata shikamoo!" Hazijanitoka, mama. Nimeiweka mwisho kwa makusudi, na ukifika huko utajua sababu. Kwanza nambie hali yako. Goti bado linakusumbua ukipanda ngazi? Ile dawa ya kuchua unaitumia, au umempa jirani kama ya mwaka jana? Sisi tu wazima, alhamdulillahi, ila baridi ya Uswidi haina imani.

Barua anaileta jirani yetu na rika langu, Bwana Othman, anakuja Unguja kumwoza binti yake. Kwenye simu tunazungumza, lakini wewe mwenyewe husema maneno ya simu hayakai, na hili nataka likae.

Mkweo Zuhura kapata kazi ya kuwatunza wazee, na zamu yake inaanza saa kumi na mbili asubuhi. Basi watoto wananiangukia mimi. Mimi, ambaye hapo nyumbani sikujua hata soksi zangu zinatoka wapi! Saa kumi na mbili na nusu nnawaamsha, nje giza totoro, asubuhi haina hata jogoo. Kumvisha Idrisa ni kazi ya watu wawili na mimi ni mmoja. Soksi, suruali, suruali nyengine juu yake, ovaroli ya theluji, mabuti, glavu, kofia. Nikishamfunga zipu mpaka kidevuni ananitazama: "Baba, choo." Kila siku, mama, wallahi hajakosa hata moja. Ana miaka mitatu na keshanizeesha. Nasra nnamsuka mabutu mawili, moja linatazama Kidichi na jengine Chukwani, naye anajitazama kwenye kioo na kuguna kama wewe.

Chai wanakunywa na mkate wa hapa, mgumu huo! Kila nikiukata nnakukumbuka unavyoteremsha kikapu kwa kamba dirishani, muuza mkate wa boflo kasimama chini na baskeli yake, na sisi tunagombania kukivuta. Kelele zile nnazitamani. Halafu unakwenda kukaa mwisho wa ngazi, karibu na mlango, na kitana chako na kopo la mafuta ya nazi. Hakuna aliyetoka kwenda skuli bila ya kupita kwako. Tunakupa mkono, "Shikamoo," na mguu hauvuki kizingiti mpaka tusikie, "Marahaba, mwanangu, nenda salama." Ukiwa unazungumza na mtu, tunangoja. Hata tukijua mwalimu atatufokea kwa kuchelewa, tunangoja. Na Nasra ukamlea hivyo hivyo mpaka tulipomleta huku akiwa na miaka minne.

Sasa sikiliza yaliyonifika. Mwaka huu Nasra kaanza skuli, na baada ya mwezi mwalimu wake akaniita. Ni mama mmoja mpole, wa makamo, na watoto wanamwita kwa jina lake kavu, ndio desturi yao. Akaniambia, "Haji, binti yako hataki kuingia darasani. Kila asubuhi anasimama mlangoni, wenziwe wanampita. Nnamkaribisha, haingii. Kuna jambo huko nyumbani?"

Siku ya pili nikajificha ukumbini, nyuma ya makoti yaliyotundikwa, mtu mzima mimi na ndevu zangu. Nikamwona mwanangu kafika mlangoni, kavua kofia, kanyoosha mkono. "Shikamoo." Mwalimu akacheka vizuri, akamjibu kwa lugha yao kuwa asubuhi njema, karibu. Nasra hakutikisika. Kasimama na mkono wake mbele, macho juu. Alikuwa anangoja marahaba, mama. Mwezi mzima alikuwa anangoja marahaba.

Na hapo ndipo nilipokosea. Kumweleza mwalimu yalikuwa maneno mawili matatu tu. Lakini niliona haya, sijui haya ya nini, Mungu anisamehe. Nikamwambia, "Ana aibu tu, atazowea." Jioni nikamkalisha Nasra. Nikamwambia, "Huku hawajui shikamoo. Usimwamkie mtu, ingia tu."

Akaniuliza, "Na nani ataniambia niende?"

"Hapana haja. Nenda mwenyewe."

Akaenda mwenyewe. Mwalimu akafurahi, na mimi nikajiona mjanja. Siku ya tatu yake nimekaa kwenye kibao hapo mlangoni kwetu, nnapambana na mabuti ya Idrisa, Nasra akatoka chumbani akanipita kama anayepita kabati. Nikamwita, "Nasra! Huniamkii?"

"Si ulisema huku hakuna." Akakunywa chai yake, halafu akaongeza, wala si kwa ujuvi, "Na wewe baba humwamkii mtu. Mimi sijakusikia hata siku moja."

Buti la Idrisa nililivisha mguu usio wake. Kasema kweli. Hapa sina mkubwa wangu. Mimi ni wa kuitikia tu. Wewe nnakupigia wao washalala, na shikamoo nnaitupa mbiombio, kabla hujaitika nshaingia kwenye habari nyengine. Miaka miwili sijasimama mbele ya mtu nikatoa mkono nikangoja. Hata sikujua kama kitu hicho kinanikosesha usingizi, mpaka mtoto aliponambia.

Nilirudi kwa mwalimu nikamweleza yote. Maskini, machozi yalimlengalenga. Akaliandika neno "marahaba" kwenye karatasi, kalibandika pembeni ya mlango, na kila asubuhi anasimama nalo tayari. Lakini Nasra sasa anampita. Mwalimu wa watu ana marahaba na hana wa kumpa. Na Idrisa ndiyo kabisa, yeye hakuwahi kuijua. Nnaogopa, mama. Nnaogopa siku nitakapowaleta, watakupita hapo ngazini na wewe umekaa na kitana chako.

Kwa hiyo nnakuomba kitu kimoja. Bwana Othman anafika Ijumaa. Kuanzia Jumatatu, kila siku ya skuli, saa moja na nusu nitakupigia tukiwa tushavaa, bado hatujatoka. Kwenu itakuwa saa tatu na nusu. Usiniulize baridi, usiniulize nimekula nini, hayo ya usiku. Mimi nitakuamkia mbele ya watoto, nitanyamaza, nitangoja. Wewe itika kama unavyoitika, usifanye haraka. Sitawalazimisha. Wao wanitazame tu.

Nisalimie dada Mize wa Chukwani, mwambie mafuta ya nazi yalifika yameganda kama sabuni, lakini harufu yake imetuliza watu humu ndani. Mjomba wa Kidichi mpe mkono wangu, mdalasini wake ndio unaofanya chai ya huku inyweke. Na muuza boflo, kama bado anapita, mwambie Haji anamkumbuka yeye na kengele yake.

Sasa nimefika pale nilipokuahidi. Nshavaa, nimesimama mbele yako, na mkono nimeutoa.

Shikamoo, mama.

Siendi popote mpaka uniitikie.

Mwanao,
Haji