Mama, Vile Vidonge Vilikuwa vya Vitamini

Mama mpendwa,

Nimechoka, na naanza na hilo kwa kuwa hukupenda mtu akuzungushe. Niko kitandani hapa Njiru, miguu nimeiweka juu ya mto, na kuanzia vifundoni kwenda chini siihisi vizuri. Kazini, kule ghalani Industrial Area, wamenipa ruhusa ya mwezi mmoja. Ni miezi minane tangu presha ikuchukue, na kuna jambo sikukuambia ukiwa hai.

Unakumbuka ile safari yangu ya kikazi ya Kisumu, miaka mitatu iliyopita? Hakukuwa na safari. Nilikuwa hospitalini hapa hapa Nairobi, napunguzwa tumbo. Walikata sehemu kubwa wakaacha kipande chembamba kama ndizi, ili nile kidogo nipungue. Magoti yalikuwa yamekataa kunibeba, sukari ilikuwa imepanda, na daktari alikuwa amenionya mara mbili. Lakini ningekuambiaje? Wewe ndiye uliyekuwa ukinishika mkono pale kwako mtaani Huruma mbele ya akina mama wa kanisa na kusema, "Angalieni mtoto wangu alivyo na afya." Unene wangu ulikuwa sifa yako.

Miezi mitatu baadaye ulikuja kunitembelea na kuku wa kienyeji na unga wa wimbi, ukasonga ugali wa kulisha watu wanne. Kwetu mtu hakatai chakula cha mama yake, basi nikajitia kula kama zamani. Tonge la tano halikufika mbali. Jasho lilinitoka, moyo ukaenda mbio, nikakimbilia chooni. Nilikusikia umesimama nje ya mlango.

"Mami, mwanangu, fungua."

"Ni vidonda vya tumbo tu, Mama."

Kesho yake ukapika uji mwepesi, na hukuuliza tena.

Asubuhi uliyoondoka nilichukua kopo langu la vitamini. Aliyefanyiwa upasuaji huo huzimeza maisha yake yote, maana chakula kile kidogo hakimtoshi. Nililitikisa, halikulia. Nilipofungua nikakuta umejaza pamba. Nilielewa papo hapo. Sote tunajua kwa nini watu hutia pamba kwenye kopo la dawa: ili vidonge visilie mkobani na majirani wasijue wanameza za UKIMWI. Nilikuwa nimekonda ghafla, nywele zinadondoka, natapika, nameza dawa kila siku. Uliyaunganisha yote ukapata jibu lako. Na badala ya kunihoji, ukanisaidia kuficha.

Ningeweza kukupigia simu siku hiyo hiyo. Sikupiga. Sitakudanganya tena, Mama: niliona aibu uliyoniwazia wewe ni nafuu kuliko yangu. Mgonjwa huonewa huruma. Aliyejipeleka kukatwa kwa hiari yake, kisha mambo yakaharibika, huambiwa amejitakia. Nikakuacha uamini ulichoamini. Halafu nikawaza, kama mama yangu mzazi amefikiria hivyo, wa kazini je? Nikaacha kumeza vidonge. Kliniki nayo nikaacha kwenda. Hebu niambie kama umewahi kusikia ujinga kama huo.

Mwanzoni mwa mwezi huu nilianguka kwenye ngazi za ghala. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, na mimi kwa miezi nilikuwa nikisingizia viatu. Nesi wa lishe aliponiuliza niliacha vitamini lini, nikamwambia ni zaidi ya miaka miwili. Hakunigombeza. Alinidunga sindano, akasema ganzi hiyo ya kukosa vitamini inaweza kupungua lakini hawezi kuniahidi kwamba itaisha. Kisha akanishika mkono akanipeleka chumba cha pili, ambako waliofanyiwa upasuaji kama wangu hukutana.

Tulikuwa sita kwenye viti vya plastiki. Nilikaa karibu na mlango nikijiambia nitatoroka. Dereva mmoja wa lori akanigeukia.

"Sista, usijali, hapa sote ni waongo. Mimi nilishow bibi yangu ni operesheni ya hernia tu. Miaka mbili, kila Sunday ananiwekea chapati nne, na mimi nazificha kwa mfuko ya koti."

Nilicheka, Mama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Watu wale hakuna haja ya kuwaeleza kwa nini chai yenye sukari inakulaza kitandani, au kwa nini unaogopa harusi na matanga, mahali popote penye sahani. Wiki iliyofuata nilirudi. Bado nachoka, nameza tena vidonge kama mtu anayetumikia kifungo, lakini nimerudi.

Jana Mama Nekesa, yule rafiki yako wa kanisani, alikuja kuniona na chupa ya uji. Alikaa kando ya kitanda, akanishika mkono na kuanza kuomba kwa sauti ya chini: "Bwana, dada yetu alituachia huyu mtoto. Huo ugonjwa wake unaujua wewe..."

Nikamkatiza. Sijawahi kumkatiza mtu mzima akiomba. "Mama Nekesa, siugui huo. Nilikatwa tumbo ili nipungue. Zile dawa ni vitamini."

Aliniangalia sana. "Woi! Na mamako alijua?"

"Hapana."

Akatoa leso akafuta uso, akaikunja, akaikunjua. "Huyo mama alikuwa anafunga na kukuombea kila Jumatano, mtoto wangu. Hata maji hakuwa anagusa. Tulikuwa tunamwambia, presha yako ni mbaya, kula. Anasema atakula siku mtoto wake atashiba."

Amekwenda zake, na tangu jana nimekuwa nikihesabu Jumatano. Ni miaka miwili na zaidi, Mama. Wewe na njaa yako kule Huruma, mimi na simu mkononi hapa Njiru.

Nilikuwa nashiba. Vijiko vitatu tu, Mama, nilikuwa nashiba kabisa, na sikukuambia.

Nisamehe, upumzike.

Kitindamimba wako