Chumba cha Mama kwenye Nyumba ya Maonyesho

Jumapili. Mvua ya Julai, ile isiyonyesha vizuri wala kukatika, na baridi yake imeingia hadi ndani ya soksi. Mke wangu na watoto wamekwenda kanisani. Mimi nimesingizia kichwa. Kichwa hakiniumi. Sikutaka tu kukaa leo kati ya watu wanaoniita "mpiga picha wetu".

Nina hasira, na afadhali nianze na aibu yenyewe: hasira zangu ni juu ya mtoto wa miaka kumi.

Jana binti yangu Mghoi alisema ukweli, na aliusema kwa Kiswahili. Huyu ni mtoto ambaye ukimwita aje kula anakujibu kwa Kiingereza. Miaka sita tangu tutue Sydney nimemsihi, nimemtania, nimemnunia, aongee lugha ya nyanya yake. Jana akaongea. Sentensi mbili, hazina kosa hata moja.

Wanaopita hapa kwenye blogu wanajua napenda kamera. Niliinunua ya mtumba mtaa wa Cabramatta, kwa mzee mmoja aliyekuwa anafunga duka lake. Siku za kazi nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee. Jumamosi nyingine napiga picha harusi na ubatizo wa jirani zetu Wakongo, ambao wakivaa wamevaa, na wakisimama mbele ya lenzi husimama kama watu waliozaliwa kwa kazi hiyo. Nimejifunza mengi kwao. Nimejifunza pia mahali pa kusimama ili pipa la taka lisionekane, na namna lenzi pana inavyokifanya chumba kidogo kiwe ukumbi.

Ujuzi huo ndio ulioniponza.

Huku kwetu Campbelltown, pembezoni mwa Sydney, ukienda mbele kidogo kwenye viwanja vipya, kuna nyumba za maonyesho. Kampuni ya ujenzi hujenga nyumba kamili, inaweka makochi, mapazia, mito, kila kitu, halafu watu wanaingia bure kutazama ili wakipenda waagize ya kwao. Runinga ukutani ni ya plastiki. Malimau kwenye bakuli ni ya plastiki. Choo kimefungwa kwa utepe usije ukasahau uko wapi. Tulikwenda mara ya kwanza miaka miwili iliyopita, Jumapili ya Pasaka, tukiwa bado na nguo za kanisani. Mke wangu alitaka tu kuona makabati ya jikoni.

Nikapiga picha. Nani asingepiga? Watoto kwenye ngazi, mke wangu kando ya dirisha. Nikaukata ubao wa kampuni usionekane kwenye picha, nikakata na utepe, nikamtumia Mama kule nyumbani Wundanyi. Sikuandika kwamba ni yetu. Niliandika, "Pasaka njema, Mama." Mama akajibu kwa sauti, analia kwa furaha, anamshukuru Mungu kwa nyumba aliyonipa.

Pale ndipo nilipopaswa kusema. Ilikuwa sentensi moja tu.

Badala yake, mwezi uliofuata tukarudi. Nikapiga picha chumba cha chini, kile chenye kitanda kikubwa na shuka nyeupe, nikamwandikia, "Hiki ni chako, Mama." Naapa niliandika kwa adabu tu. Kwetu mgeni akionyeshwa nyumba huambiwa hiki ni chumba chako, na yeye anasema asante, na wote mnajua kwamba ni heshima, si mkataba. Ila mtu anayeambiwa hivyo kwa kawaida amesimama ndani ya nyumba, anaona mwenyewe pana nini. Mama alikuwa na picha yangu tu, na picha yangu niliipiga vizuri.

Tumerudi mara ngapi, sitaki kuhesabu. Watoto walibadilishia nguo ndani ya gari ili ionekane ni siku tofauti. Dada anayepokea wageni pale alikwishatujua. Mwanzoni aliwapa watoto maputo. Mwishoni akituona anainamia karatasi zake. Mke wangu aliniambia mapema, tena kwa upole, "Baba Mghoi, njia ya mwongo ni fupi." Nikamjibu kwamba mimi sijatamka neno, picha ndiyo imesema. Ukizitazama picha zile sasa, hakuna hata moja ambayo mke wangu anacheka kwa meno.

Kwa nini nilifanya? Nimejiuliza asubuhi yote. Kwa sababu mimi ndiye mtoto wa kwanza, ndiye niliyeondoka. Kwa sababu waliobaki wanajenga, na mimi niliyekwenda Ulaya ya mbali, kama Mama anavyoiita, nimepanga fleti ya vyumba viwili juu ya duka la matairi. Mghoi na wadogo zake wawili wanalala chumba kimoja, nguo zinakaukia humo humo. Hatuna njaa. Hatuna shida ya kuandikia vitabu. Ni maisha tu, ya kawaida, na mimi nikaona haya kuyapiga picha.

Sasa niandike ya jana.

Mama alipiga simu ya video alasiri, kwao asubuhi. Nilikuwa sebuleni na mke wangu. Nikaona ukuta mweusi nyuma yake, nikauliza yuko wapi. Akacheka. Yuko jikoni, lile jiko la nje, ndiko alikohamia tangu Ijumaa. Mdogo wetu Mwadime, kitindamimba, ameoa, na Mama amempa nyumba. Nyumba ya Baba, yenye vyumba vitatu. Amempa bibi harusi kitanda chake na kabati. Cherehani amempa binti wa shangazi. Kuku kawagawia majirani. Akina mama wa kanisa wamemwombea mbele ya watu wote na kumvisha leso ya kumuaga, naye akawaonyesha picha ya chumba chake, aliyoisafisha mjini Voi na kuitia fremu. Anavumilia moshi siku chache tu, alisema, hadi viza itoke.

Hakuna viza. Niliwahi kusema "tunashughulikia", kama mtu anavyosema. Viza ya mzazi kuja kukaa moja kwa moja ina foleni ndefu kuliko umri aliobakiwa nao Mama, na ya kutembelea ni ya miezi tu. Akitembea amalize, arudi wapi? Jikoni?

Nilikuwa bado natafuta pa kuanzia aliposema kilichomfanya apige. "Mwanangu, nionyeshe chumba changu leo. Nataka nione dirisha linaangalia wapi. Mimi sipendi jua linipige usoni asubuhi."

Nikamwambia mtandao mbaya. Nikamwambia chumba kinapakwa rangi. Yaani hata pale, mama yangu akikohoa moshi mbele ya macho yangu, nilikuwa na rangi ya kupaka.

Mghoi alikuwa mezani anafanya kazi ya shule. Akainuka, akaja, akachukua simu mkononi mwangu. Hakuinyakua. Aliichukua kama anavyochukua kikombe nikimaliza chai.

"Nyanya, ile nyumba si yetu," alisema. "Tulikwenda kupiga picha tu."

Niliinua mkono. Naandika ili nisije nikajidanganya baadaye: niliinua mkono kumpiga mwanangu, na mke wangu akaushika.

Mama hakukata simu. Alisogeza uso karibu na kioo cha simu. Kisha akauliza, "Na kile kitanda ni cha nani?"

"Cha kampuni, Mama," nilimjibu mimi.

"Nani hulala pale?"

"Hakuna. Hajawahi kulala mtu."

Akarudia polepole, hajawahi kulala mtu. Halafu akamwomba Mghoi amwonyeshe anapolala yeye. Mtoto akaenda na simu chumbani kwao, nikamsikia anataja vitu kimoja kimoja, Kiingereza na Kiswahili, kitanda cha juu, cha chini, dirisha, nguo za Dad. Walikaa huko muda mrefu. Nilisikia Mama anacheka mara moja. Mimi nilibaki sebuleni kama mgeni aliyesahauliwa.

Tangu hapo Mghoi hasemi nami. Asubuhi nilimwamkia, akajibu kwa kichwa. Nilijiambia ni utovu wa adabu, kwamba mtoto haingilii maneno ya wakubwa, kwamba huku wanafundishwa kutuaibisha. Nilimwambia mke wangu hivyo hivyo. Akasema kabla ya kufunga mlango kwamba mtoto alisubiri miaka miwili mkubwa aseme.

Nimefua, nimepika wali, nimefuta picha zote za zile nyumba kwenye kompyuta. Haikunisaidia kitu. Ile moja iko Wundanyi kwenye fremu, na kanisa zima limeiona.

Kuna kipande cha jana nimekiruka. Nimekizunguka tangu nianze kuandika, na nikikiacha basi hata maandishi haya nitakuwa nimeyakata kama nilivyokata zile picha.

Mghoi aliponirudishia simu, Mama alikuwa ametulia, sauti yake ile ya kupanga mambo. Nikamwambia nitampigia Mwadime leo leo nimweleze kosa langu, wamrudishie chumba, hata kimoja. Akakataa. Nyumba ameitoa mbele ya kanisa, hawezi kwenda kuomba kitanda kwa mkamwana ambaye hajamaliza wiki. Na hataki ndugu zangu wanicheke.

"Usimwambie mtu," alisema. "Nitawaambia ni mimi nimekataa. Nitasema nimeogopa ndege. Mzee akiogopa ndege nani atamshangaa?"

Mama yangu haogopi kitu. Alimzika mumewe na kesho yake akaingia shambani. Sasa atazunguka kijijini na leso ya kuagwa, anaeleza watu jinsi alivyopatwa na woga, na watoto watamtania, na jioni atarudi kulala karibu na mafiga. Yote hayo ili mimi niendelee kuwa na nyumba kubwa.

Nilipaswa kusema hapana, Mama. Nimeandika maneno hayo hapa ili nione yalivyo mafupi.

Nilisema, "Sawa, Mama." Nilisema upesi, kabla hajabadili mawazo, na moyoni nikasikia raha, raha kabisa, kama mtu aliyevuliwa viatu vinavyombana.

Kwao kumekucha. Mwadime yuko macho saa hizi, pengine anakunywa chai kwenye meza ya Baba, na angepokea simu mlio wa kwanza. Nimeandika kurasa hizi zote, na bado sijampigia.