Saa ya Mkono wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Novemba

Nimefungua duka saa mbili na robo. Nikazitoa saa zote kabatini, nikaanza kuzitikisa moja moja. Ishirini na tatu. Hizi za Kijapani hazina betri. Zinaishi kwa mkono wa mtu, ukizivua siku mbili zinasimama. Kazi yangu kila asubuhi ni kuzifufua kabla mtaa wa Ndia Kuu haujachangamka. Kisha kufuta vioo.

Mchana akaja karani wa bandarini, mtu wa bara, anataka saa ya harusi yake. Nikamweleza. Hii ya bei ya chini ina siku na tarehe, haina makuu, itadumu. Hii nene ni ya wapiga mbizi, gizani inang'ara. Hii nyembamba ndiyo ya suti, bei mara tatu. Akachukua ya bei ya chini, akanishukuru kama mimi ndiye niliyeiunda.

Jioni nikapita Bondeni kumchukua mwanangu Imran kwa mama mkwe. Amelala mkononi mwake, mdomo wazi. Kwake hasumbui, ati. Akimpakata tu, kashalala.

Kwangu amelia kutoka magharibi mpaka isha. Miezi tisa tumboni, tisa nje, na hanilalii. Babake yuko safarini na basi lake, atashuka kituoni Mwembe Tayari Alhamisi. Niko peke yangu na nina wivu. Naandika hivyo hivyo. Nina wivu na mama wa mume wangu.

Jumanne, 4 Novemba

Nimefanya vibaya. Nimemuuliza mama mkwe kama humpa mtoto dawa ya usingizi.

Hakukasirika. Bora angekasirika. Aliniambia niketi nione mwenyewe. Mguu wake mmoja mbovu, safari yake ni kutoka kitandani mpaka barazani, basi. Lakini mikono haichoki. Akampakata Imran, akamtikisa huku na huku, kichwa cha mtoto juu ya kifundo cha mkono. Hapo nikaiona. Saa ya marehemu baba mkwe. Ya kiume, ya Kijapani, ya zamani, mkanda umelegea mpaka inagongana na bangili. Anaivaa tangu atoke eda. Sikio la mwanangu liko juu yake.

Dakika nne. Kalala.

Kumbe si yeye. Ni saa. Nimerudi nyumbani na furaha mbaya. Saa mimi ninazo ishirini na tatu.

Jumatano, 5 Novemba

Nimemwomba tajiri, mwenye duka, niwe nachukua saa moja jioni, nairudisha asubuhi. Nimesema nataka kuzijua, nipate kuwaeleza wateja. Tajiri ni Mhindi wa Kibohora, mzee, dukani hapa tangu kijana. Akanitazama juu ya miwani. "Ukiipoteza, binti yangu, utakaa wewe kabatini, nikubandike bei." Akakubali.

Nimeanza na ile ya bei ya chini. Sauti yake kavu, nzuri, na kile chuma kinachozunguka ndani kinavuma ukisogeza mkono. Imran akasikiliza. Akatulia kabisa. Nikamshukuru Mungu. Kisha akaishika akaanza kuitafuna.

Alhamisi, 6 Novemba

Ya wapiga mbizi. Nzito kama jiwe la kusagia. Ikamgonga kwenye paji la uso. Tumelia wote wawili. Babake amerudi, anauliza kwa nini namnyonyesha mtoto na saa ya kuzamia.

Jumamosi, 8 Novemba

Jana ile nyembamba. Haisikiki hata.

Leo mteja ameleta yake apunguziwe mkanda. Ya Kijapani pia, lakini kwa bei yake mtu angenunua gari. Tajiri ameishika kwa kitambaa. Mshale wa sekunde hauruki, unateleza tu. Nikaiweka sikioni. Kimya. Kadiri bei inavyopanda ndivyo saa inavyonyamaza, na mwanangu anataka ya kelele.

Jioni Bondeni. Nikanyoosha mikono, Imran akageuza uso, akaushika ule mkono wenye saa. Mama akacheka. "Leo umekataliwa." Utani wake tu. Nikatabasamu. Njia nzima nimembana Imran kifuani.

Basi. Kuanzia Jumatatu mtoto atakaa na Mwanaisha, jirani wa chini. Nimempigia mama simu, nikamwambia ni kwa ajili ya mguu wake, apumzike. Uongo. Akasema haya, mwanangu, utakavyo.

Jumatatu, 10 Novemba

Kwa Mwanaisha hakulala.

Jumanne, 11 Novemba

Hakulala. Mwanaisha anasema mtoto huyu ana macho ya askari wa zamu. Mimi nimesinzia dukani nimesimama, saa ya mteja mkononi. Lakini jioni alinikimbilia mimi kwa magoti, hakuna mwingine wa kumkimbilia. Nilifurahi. Ndivyo nilivyo.

Jumatano, 12 Novemba

Mama amekuja dukani. Kwa tuktuk, na mguu ule. Zaidi ya mwaka hajakanyaga Ndia Kuu. Wakasalimiana na tajiri, wakaulizana hali za watu wote, walio hai na waliotangulia, ndipo akafungua kitambaa chenye saa.

"Imekufa," akasema. "Haijapata kufa tangu niivae."

Tajiri akafungua mfuniko wa nyuma, akaweka kioo cha jicho, akaitazama muda. Hakuna kilichovunjika. Akaizungusha mara mbili tatu, ikaanza kwenda. Akamuuliza kwa adabu kama alikuwa mgonjwa wa kulala, maana saa hii mkono ukitulia nayo hutulia.

"Siumwi," mama akasema. "Mikono yangu haina kazi siku hizi."

Hakunitazama. Wala hakulisema kwa ubaya.

Mimi ndiye niliyeipokea kuiweka sawa. Ina kidirisha, siku imeandikwa kwa Kiarabu. Jumatatu, tarehe kumi. Ilikuwa ikitembea kwa nguvu za Jumamosi, za kumbembeleza Imran, mpaka zikaisha. Asubuhi nafufua ishirini na tatu. Hii moja nimeiua mimi.

Nikamvalisha. Mkono wake mwembamba, sikuwahi kuushika. Nikamsindikiza mpaka kwenye tuktuk, nikamwambia kesho namleta mtoto. Radhi sikuomba, ulimi ulikataa.

"Mlete," akasema. "Na wewe ukija, keti chini. Kila siku wewe ni wa mlangoni."

Ijumaa, 14 Novemba

Jana nilimpeleka Imran. Leo duka limefungwa mapema kwa ajili ya sala, nikaenda Bondeni nikaketi.

Mama mkekani, ameegemea ukuta, Imran mapajani anachezea ushanga. Nikamwomba niisikie ile saa. Nilitaka kujua ina nini kuliko zangu. Akanyoosha mkono, nikajilaza, nikaweka sikio. Inapiga kwa kuchechemea kidogo, kama yeye anavyotembea. Mkono ukaanza kwenda huku na huku. Sikumbuki zaidi.

Nimezindukana kwa adhana ya alasiri. Nimefunikwa leso yake ya kujitanda. Imran yuko macho, ananitazama kama anayelinda. Mama alikuwa bado hajautoa mkono chini ya kichwa changu.