Mwenye Alishukaka mu Ndege

Mujukuu wangu Ombeni,

Nakusalimia na moyo wote. Hapa Bukavu tuko; papa yako amepona malaria, na mvua haituachi.

Uliniuliza juu ya nini nilitoka mu saloni ya nyumba wakati batoto balinionyesha video ya planeri yenu, ile ndege ya mabawa marefu yenye kuruka na batri. Niliona vile majani ya kiwanja ilikuwa na maji, na batri iko muzito. Mukiwa babili ndani, ilikimbia kiwanja chote bila kuruka. Rafiki yako akashuka. Ukabaki peke yako, ikaruka, na bote bakapiga mikono.

Ni vile tulitokaka Kamituga wakati wa vita, nikiwa mutoto. Mvua ilikuwa imenyesha, kiwanja kifupi, kandege kamejaa. Piloti akasema, "Hatutaruka. Mutu moja ashuke." Mama yangu akanifunga mukaba, akashuka.

"Nitakuja na ya kesho," akasema.

Ndege haikurudi tena kule, na mama sikumuonaka tena. Ingine sitaandika.

Wakati tuliruka, batu bote bakapiga mikono. Na mie nikapiga.

Uniandikie, mutoto wangu: ule rafiki yako mwenye alishuka, na yeye aliruka kisha?

Koko wako